Paa la Kuvuliwa: Gari Lisilofunikwa Katika Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Gari hujengwa kwa mojawapo ya njia mbili, na hatima ya paa lake hutegemea njia iliyochaguliwa. Katika njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya malori na ya magari ya zamani ya porini, huwapo chasisi, yaani fremu nzito ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na fremu hiyo peke yake ndiyo inayobeba injini, magurudumu, abiria na mizigo, hivyo bodi na paa hubaki kuwa kifuniko tu kinachoweza kufunguliwa kwa spana bila gari kupungukiwa nguvu. Katika njia ya pili, ambayo ndiyo ya magari mengi madogo ya leo, chasisi ya namna hiyo haipo. Bodi yenyewe ndiyo hubeba uzito, na paa likiwa sehemu ya bodi hiyo huwa ni mhimili, kiasi kwamba likikatwa pasipo maandalizi gari hulegea na kujipinda kila linapopita kwenye shimo. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, zilizo katika Mkoa wa Lindi kusini mwa Tanzania na ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Ruangwa ilipomegwa katika miaka ya 1990, zimelijua paa la kuvuliwa kwa njia ya kwanza kwa muda mrefu, tena katika kilimo, uchukuzi na vita, ilhali wanunuzi wa magari ya michezo katika Ulaya, Marekani na Japani walilifikia mara nyingi kwa njia ya pili, kwa gharama kubwa na kwa sababu nyingine kabisa.

Kabla ya gari, msafiri mwenye cheo alibebwa katika nchi hii kwa machela, yaani kitanda cha kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti na kubebwa mabegani na wapagazi, na juu yake mara nyingine kiliwekwa kitambaa cha kuzuia jua ambacho kilitolewa jua lilipopungua. Gari lenyewe liliingia kwa vita. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza katika Afrika Mashariki, lililokuwa likipoteza wanyama wa mizigo kwa ndorobo na wapagazi kwa maradhi na njaa, lilitumia magari mepesi ya Ford ambayo juu yalikuwa na turubai la kukunja lililoshikwa na matao ya chuma; na mapigano makubwa ya mwisho kabla ya majeshi ya Kijerumani kuvuka Mto Ruvuma yalipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika ukanda ule ule ambao barabara za kwenda Ruangwa, Nachingwea na Masasi zinaupitia hadi leo. Miaka thelathini iliyofuata haina mengi kwa habari ya magari. Jimbo la Kusini lilibaki nchi ya miguu na njia za wapagazi, na kipindi cha mvua, kinachoanza kwa kawaida mwishoni mwa mwaka na kwisha Aprili au Mei, kilizikata barabara chache zilizokuwapo.

Hali hiyo ilibadilika ghafla kwa mradi wa karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulitembelea nchi mwaka huo huo na kutaja eneo la ekari zipatazo milioni 3.2 kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Maeneo matatu yalichaguliwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Nachingwea ndilo lililotarajiwa kuwa kubwa kuliko yote. Kwa ajili yake ilijengwa reli kutoka Mkwaya, bandari ndogo iliyo karibu na Lindi, ambayo ilifika Nachingwea mwaka 1949, na baadaye reli hiyo ikaunganishwa na bandari mpya ya kina kirefu ya Mtwara. Mashine zilikosekana kwa kuwa viwanda vya dunia vilikuwa havijapona vita, kwa hiyo mradi ulinunua masalia ya kijeshi, yakiwamo matingatinga yaliyoachwa na Wamarekani nchini Ufilipino, na kampuni ya Vickers ya Uingereza ikatengeneza trekta lililoitwa Shervick kutokana na vipande vya kifaru cha Sherman: mzinga na mnara wake viliachwa, deraya ya juu ikaondolewa, na dereva akaketi wazi mahali ambapo miaka michache nyuma askari alikuwa amefunikwa kwa chuma kizito. Mradi ulishindwa, kwa ukame wa Kongwa, kwa ugumu wa visiki na udongo, na zaidi ya yote kwa haraka ya watu waliodhani kwamba mashine zinaweza kuchukua nafasi ya kuijua nchi. Serikali ya Uingereza iliuacha mwezi Januari 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36.

Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo lilipozaliwa gari lililokuja kutawala barabara za kusini kwa nusu karne. Kampuni ya Rover ya Uingereza, ambayo mhandisi wake mkuu Maurice Wilks alikuwa akitumia Jeep ya kijeshi ya Marekani shambani kwake, ilionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma cha bati kiligawanywa kwa kibali nchini Uingereza wakati huo, wakati aloi ya alumini ilipatikana kwa urahisi kutokana na viwanda vya ndege, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa alumini juu ya chasisi ya chuma, na kwa kuwa kila kitu kilipaswa kuwa rahisi na cha bei ndogo, gari liliuzwa likiwa na turubai lililotandikwa juu ya matao ya bomba, milango iliyong'oka, na kioo cha mbele kilichoweza kulazwa juu ya boneti. Wilks na wenzake hawakulifikiria paa la kuvuliwa kuwa starehe. Lilitokana na uhaba wa chuma na haja ya mkulima wa kupakia visivyoenea chini ya paa. Paa la bati lilikuja baadaye kama nyongeza, nalo lilishikwa kwa bolti kwenye kuta za bodi na kwenye fremu ya kioo cha mbele, kiasi kwamba mafundi wawili wenye spana waliweza kulinyanyua na kuliweka pembeni, kisha gari likaendelea kutumika kama pikapu.

Kwa nchi za joto kampuni hiyo iliuza pia paa la tabaka mbili, ambapo bati la pili lilifungwa juu ya la kwanza huku nafasi ndogo ya hewa ikiachwa katikati, ili jua lilipige la juu na upepo wa mwendo upunguze joto kabla halijafika kichwani mwa abiria. Ubunifu huo, ambao hauna umeme wala kifaa kinachoweza kuharibika, pengine ni wa busara zaidi kuliko mapaa mengi yaliyoufuata. Turubai nalo lilikuwa na shida zake, na kubwa katika udongo mwekundu wa kusini ilikuwa vumbi: gari linapokwenda huacha nyuma yake nafasi yenye hewa iliyopungua nguvu, na nafasi hiyo huvuta vumbi la magurudumu na kulirudisha ndani kupitia uwazi wa nyuma, kwa hiyo aliyefunga turubai juu na kuacha pazia la nyuma wazi alipata vumbi jingi kuliko aliyevua turubai lote. Kiangazi, kwa hiyo, gari lililo wazi kabisa halikuwa ushamba wala umaskini wa mwenye gari, bali lilikuwa chaguo lenye hoja.

Reli ya Nachingwea haikudumu. Bila karanga haikuwa na mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na mataruma yake kung'olewa, jambo ambalo liliuacha uchumi mpya wa kusini, uchumi wa korosho, ukitegemea malori. Hapa ndipo turubai lilipopata kazi yake kubwa kuliko zote, na hapa pia ndipo lilipodhihirisha mpangilio wa thamani ambao haukuandikwa popote. Korosho ghafi, yaani ile ambayo haijabanguliwa, ikilowa hufanya ukungu na kushuka daraja, na msimu wa kuivuna na kuisafirisha unapoelekea kwisha hukutana na mvua za kwanza. Kwa hiyo gunia lilifunikwa. Abiria, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na basi la kuaminika kati ya vijiji vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, aliketi juu ya magunia hayo, juu ya turubai lenyewe, akishika kamba iliyolifunga. Paa lilikuwapo na lilikuwa zima, ila lilikuwa chini ya msafiri. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilikusudiwa pamoja na mengine kudhibiti ubebaji wa watu katika magari ya mizigo, lakini sheria hufuata usafiri, na mahali ambapo basi halikuwapo utingo alizidi kupakia. Mpangilio wa sasa wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima huweka korosho au ufuta ghalani kwanza na mazao hayo kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachobeba katika jina lake wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, umeongeza zaidi umuhimu wa mzigo kufika ukiwa mkavu, na turubai limebaki kuwa mali ambayo mwenye lori huilinda kama matairi.

Sura ya kijeshi ya historia hii inahusu Msumbiji. Chama cha FRELIMO kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kilianza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964, na kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi iliwekwa Nachingwea, mahali panapojulikana kwa jina la Farm 17, jina linalokumbusha mashamba ya mradi wa karanga. Samora Machel aliongoza mafunzo hapo kabla ya kuwa rais wa chama mwaka 1970, na wakufunzi wa Kichina walifundisha mbinu za vita vya msituni, ambamo bomu la ardhini lilikuwa silaha ya maskini dhidi ya jeshi lenye magari. Matokeo yake upande wa pili wa Ruvuma yanaonekana katika umbo la magari ya Wareno. Katika jimbo la Cabo Delgado askari wa Ureno walivua mapaa, milango na mara nyingine vioo vya malori yao ya Berliet na Unimog, wakajaza mifuko ya mchanga sakafuni, na kuliweka lori lililovuliwa hivyo mbele ya msafara ili lilipue mabomu kabla ya magari mengine kufika. Sababu ilikuwa ya kikatili na ya kweli: bomu likilipuka chini ya gari lililofungwa, nguvu ya mlipuko na vipande vya vyuma hubaki ndani pamoja na watu, na kichwa hugonga paa, ilhali katika gari lililo wazi mtu hurushwa nje na huweza kupona, na anayevamiwa kwa risasi huruka chini bila kutafuta mlango. Kwa njia hiyo mafunzo yaliyotolewa katika wilaya moja ya Tanzania yalichangia kubadilisha umbo la magari ya jeshi la Ulaya.

Wakati vita hivyo vikiendelea, paa la kuvuliwa lilikuwa likizaliwa upya kwingineko kwa wateja wenye fedha. Gari la michezo, yaani gari dogo la kasi lenye viti viwili ambalo hununuliwa kwa raha ya kuliendesha zaidi kuliko kwa kazi, kwa desturi lilikuwa wazi na lenye turubai la kukunja. Lakini katika miaka ya 1960 watengenezaji waliogopa kwamba Marekani, soko lao kubwa, ingepiga marufuku magari ya wazi kwa sababu yanapopinduka hayana kitu cha kumkinga dereva. Kampuni ya Triumph ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutoa TR4 mwaka 1961 ikiwa na kioo cha nyuma kisichoondoka na kipande cha katikati cha paa kilichovuliwa. Porsche ya Ujerumani ilionyesha 911 Targa mwezi Septemba 1965, na jina lake lilitokana na mashindano ya Targa Florio ya Sicilia: nyuma ya viti palisimama tao pana la chuma la kumkinga dereva gari linapobiringika, na kati ya tao hilo na kioo cha mbele kiliwekwa kipande cha paa ambacho mtu mmoja aliweza kukitoa na kukiweka katika buti. Marufuku yenyewe haikuja, lakini umbo lililozaliwa kwa kuiogopa lilibaki.

Marekani yenyewe ilichukua njia nyingine. Chevrolet Corvette ya mwaka 1968 ilikuwa na vipande viwili vya paa vilivyotenganishwa na mwamba mwembamba wa katikati, mpangilio ambao Gordon Buehrig aliusajilia hataza mwaka 1951. Mwamba huo ulibakizwa kwa sababu bila yake bodi ilijipinda kupita kiasi. Corvette ya mwaka 1984 iliuacha mwamba huo na kuwa na kipande kimoja kikubwa. Fiat X1/9 ya mwaka 1972 iliweka paa lake katika buti la mbele, na Honda ikatoa NSX yenye paa la kuvuliwa mwaka 1995, ikilazimika kuimarisha bodi yake ya alumini kufidia ugumu uliopotea. Leo mnunuzi wa Corvette huchagua kipande cha paa chenye rangi ya gari, chenye kupenyeza mwanga, au cha nyuzi za kaboni zinazoonekana, yaani nyuzi nyembamba sana zilizosukwa na kugandishwa kwa gundi ngumu, ambazo ni nyepesi kuliko alumini. Uchaguzi huu wa mwisho una faida ya kihandisi, kwa kuwa uzito ulioondolewa juu ya gari hushusha kitovu chake cha uzito na kulifanya litulie kwenye kona. Wa kati una faida ya macho tu, na yeyote aliyewahi kuegesha gari katika jua la saa saba mchana mjini Ruangwa angeuacha dukani.

Magari hayo ya bei kubwa hayakufika kusini, lakini binamu zao walifika. Baada ya serikali kuruhusu kuanzia mwaka 1984 watu walio na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na hasa baada ya biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani kupanuka katika miaka ya 1990, Tanzania ilipokea magari ambayo mbunifu wake aliyafikiria kwa ajili ya vijana wa Tokyo na fukwe za wikiendi. Toyota RAV4 iliyoanza kuuzwa mwaka 1994 ni mfano bora, kwa sababu baadhi ya zile za milango mitatu zilikuwa na vipande viwili vya paa vya kuvuliwa juu ya viti vya mbele, na Suzuki ilitoa Escudo za turubai, pamoja na X-90 ya mwaka 1995 yenye viti viwili na paa la vipande viwili, gari ambalo halikujua kama ni la michezo au la porini na likakosa wateja wa pande zote mbili. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, na lami iliyosogea polepole kuelekea kusini viliwezesha magari madogo ya aina hiyo kwenda Lindi bila kungoja kivuko. Tatizo lao huku si nguvu bali ni mpira, yaani ule ukanda laini unaoziba mwanya kati ya kipande cha paa na bodi: jua huukausha, vumbi husaga kingo zake, na mvua ya kwanza ya msimu huonyesha ufa ulipo. Kwa kuwa mpira mpya wa gari la miaka thelathini ni adimu, dawa ya kawaida ya fundi ni kuziba mwanya wote kwa silikoni, na tangu siku hiyo paa la kuvuliwa huwa ni paa la kudumu.

Hatua ya karibuni ni ya umeme. Tesla Roadster iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2008 ilikuwa gari la michezo la umeme lenye paa laini la kuvuliwa, na mnunuzi aliyetaka aliongezewa paa gumu la nyuzi za kaboni. Katika magari mengi ya umeme yaliyofuata betri huwekwa chini ya sakafu ndani ya sanduku gumu linaloongeza uimara wa bodi nzima, jambo linalompa mhandisi uhuru zaidi juu ya paa. Betri hizo za lithiamu hutumia kinywe, madini meusi ya kaboni ambayo huwekwa katika upande hasi wa betri, na Ruangwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye mashapo makubwa ya madini hayo, ambako kampuni zimefanya utafiti na kuandaa migodi ya Nachu na Chilalo. Kinywe na nyuzi za kaboni hufikiriwa mara nyingi kuwa kitu kimoja kwa kuwa asili yake ni elementi ile ile, lakini nyuzi hizo hutengenezwa viwandani, nyingi zikitokana na plastiki iliyochomwa pasipo hewa, wala hazihitaji madini yanayochimbwa. Kwa hiyo kinywe cha Ruangwa, kikifika katika gari la michezo la umeme, mahali pake ni ndani ya betri, si katika paa.